Gololi Ndani ya Divai ya Kabula

Samuye, Jumapili jioni, mwezi wa kumi.

Upepo umevuma tangu asubuhi. Ni ule upepo mkavu wa kabla ya mvua, unaozoa vumbi la mashamba ya pamba na kulimwaga juu ya kila kitu: vyombo, nguo za kwenye kamba, macho ya watu. Nimefagia uwanja mara mbili, nikaacha. Sasa jua limepoa kidogo. Nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko na simu ya Kabula iko mkononi mwangu.

Wanaosoma hapa tangu zamani wanajua kwamba ukurasa huu si wangu. Aliufungua mwanangu Kabula ili aandike habari za mizabibu yake. Mimi ni mama yake. Nilisoma mpaka darasa la saba, ni fundi cherehani, na sijui kuandika kama yeye. Alifariki mwezi wa nne kwa homa iliyompanda kichwani, siku chache tu baada ya kumaliza kuvuna na kukamua. Tangu hapo naandika hapa kidogo kidogo, kwa sababu nikinyamaza mimi, naona kama naye ananyamaza zaidi.

Leo nataka kuandika habari za chupa ya mwisho.

Kwa mtu anayefika hapa kwa mara ya kwanza, nieleze. Kabula alisomea kilimo, akafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, halafu akapata nafasi ya kwenda kujifunza msimu mmoja katika kisiwa kidogo cha Ugiriki. Alikaa kwa bibi mmoja aliyeitwa Stamatia. Bibi huyo alikuwa na shamba lake la mizabibu na kiwanda chake cha divai, ingawa Kabula alisema kiwanda chenyewe ni chumba kimoja, kikubwa kuliko jiko langu kidogo tu. Shambani hakupiga dawa ya wadudu. Aliweka samadi ya mbuzi. Chachu hakununua, alitegemea ile inayokaa yenyewe juu ya ngozi ya zabibu. Na kwenye divai hakupenda kuweka ule unga wanaouita salfaiti, ambao wenye viwanda vikubwa huweka ili divai isafiri mbali na kukaa dukani miaka bila kubadilika. Yeye aliweka kidogo sana, mwaka mwingine hakuweka kabisa.

Kabula alinipigia simu kutoka huko akiwa amefurahi kama mtu aliyeokota kitu.

“Mama, ya mwaka huu na ya mwaka jana, ukionja huwezi kusema zimetoka shamba moja.”

“Sasa wateja hawalalamiki?”

“Wewe ukishona magauni mawili, yanafanana?”

Hayafanani kweli.

Kisiwa kile kina upepo mwingi, kwa hiyo mizabibu haisimamishwi kwenye waya kama ya Dodoma. Matawi yanazungushwa na kufumwa chini, karibu kabisa na udongo, yanakuwa kama kapu, na zabibu zinakaa ndani ya kapu hilo, upepo unapita juu. Alinitumia picha. Nikamwambia hilo ni kapu tu, hata mimi nimefuma tangu nikiwa mtoto. Akasema, “Ndiyo maana nataka kurudi.”

Akarudi. Akapanda mizabibu kwenye kipande changu hapa Samuye, pale tulipokuwa tunalima mtama. Ilipoanza kushika, akaifuma kama alivyofundishwa. Watu waliokuwa wanapita walisimama kushangaa. Jirani yangu Mama Shija alikuja mpaka kwenye uzio, akaangalia kwa muda, akauliza kwa huruma kabisa: “Kabula, mbona imelala? Inaumwa?”

Kabula alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya hapo Mama Shija ndiye aliyekuwa mtu wake. Shamba lao la pamba linapakana na letu, na mumewe anapiga dawa. Mama Shija aliweka mti mrefu mpakani. Kila siku ya kupiga dawa alifunga kitambaa cheupe juu ya mti huo tangu asubuhi, ili Kabula aone na afunike makapu yake kwa turubai kabla upepo haujaleta dawa ya watu. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mti ule bado upo. Kitambaa kimechakaa.

Na Baba Kabula, mume wangu. Yeye ni mchimbaji mdogo kule Segese, maisha yake yote ni dhahabu. Kabula alipohitaji chumba chenye ubaridi cha kuwekea divai, baba yake alisema, “Mimi waini yako siijui, lakini shimo nalijua.” Akachimba nyuma ya nyumba duara, shimo kama lile la machimboni, ila hili lina ngazi. Akalizuia kwa matimba, yaani magogo yanayoshika udongo usiporomoke, akaweka na mlango. Ukiingia mle wakati wa jua kali, mwili unapoa kama umeingia mtoni. Sidhani kama kuna divai nyingine duniani inayolala kwenye duara la wachimbaji.

Ila kuinywa, hapana. Aliiita togwa la Wazungu. Yeye na bia yake.

Na Kabula hakumruhusu kugusa zabibu. Alimwambia, “Baba, mikono ya zebaki kaa nayo huko huko.” Hiyo zebaki ndiyo wanayokamatishia dhahabu, ni sumu. Basi siku ya kuvuna Baba Kabula alikuwa anakaa kwenye jiwe pembeni, mikono ameinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, anatuangalia tunavyochuma. Akichoka anauliza, “Nishushe?” Kabula anamjibu, “Bado.”

Hivyo ndivyo ninavyowakumbuka wale wawili. Mmoja ameinama kwenye makapu, mwingine ameinua mikono.

Sasa gololi.

Divai isiyowekwa dawa haitaki hewa. Chupa isipojaa mpaka shingoni, ile hewa inayobaki juu inaanza kuigeuza siki, polepole, bila kukuambia. Bibi Stamatia alikuwa anadondosha vijiwe vya kioo ndani, divai inapanda, hewa inatoka. Kabula hakujua atavipata wapi, mpaka siku moja alipokuja kunitembelea kwenye kibanda changu cha ushonaji Kalangalala, pale Geita, nilikokuwa naishi wakati ule, akaona gololi za watoto dukani. Alinunua zote. Mwenye duka akamuuliza, “Dada, una watoto wangapi?” Akasema, “Mmoja tu, ila ana shingo nyembamba sana.”

Jioni ile alizichemsha kwenye sufuria yangu ya wali. Zilikuwa zinagongana humo ndani, mimi niko nje na cherehani, nikauliza, “Unapika nini hicho kigumu?” Sikumbuki alijibu nini. Nimejaribu sana kukumbuka.

Halafu ukaja msiba.

Watu walikuja wengi, sina cha kulalamika. Walilala uwanjani kwenye mikeka, wanawake walipika, wanaume walikaa na Baba Kabula. Na kama ilivyo kwetu, msiba ukiwepo hakuna anayeshika jembe, hakuna anayekwenda shambani, kazi zote zinasimama. Ndiyo heshima tunayompa marehemu. Hakuna aliyeteremka kwenye duara, wala hakuna aliyewaza kuteremka.

Lakini divai ilikuwa changa. Ilikuwa bado inatulia, na inapotulia inashuka. Kila iliposhuka ilihitaji mtu wa kudondosha gololi, na mtu huyo ndiye tuliyekuwa tunamlilia. Tulikaa juu pale kwa heshima zote, na kazi ya mikono yake ilikuwa chini ya miguu yetu inakunywa hewa.

Nilipopata nguvu za kufungua ule mlango, nilikuta divai imeacha nafasi kubwa pale juu. Nikadondosha gololi mpaka ikapanda shingoni. Chupa nyingine zilikwenda kwa watu waliokuwa wameziagiza kabla. Ikabaki hii moja kubwa, ya kuingia ndoo nzima. Nilihama kutoka Kalangalala nikarudi hapa, na nikawa nateremka kuitazama. Nikiona imepungua hata kidogo, nadondosha gololi moja. Inatoa sauti ndogo, halafu inazama polepole. Nilikuwa nangoja isikike imefika chini, ndipo napanda.

Jana Baba Kabula alikuja kutoka Segese. Kabla hata hajavua viatu alitoa kipakiti mfukoni, akakiweka mezani.

“Hii nini?”

“Dawa.”

“Nani anaumwa?”

“Ya waini. Ile salfaiti. Nimemwagiza mfanyabiashara mmoja anayekwenda Dodoma. Nimemuuliza vizuri, Mama Kabula. Ukiweka hii, inakaa. Inakaa tu, haiharibiki.”

“Kabula hakuweka.”

“Kabula hayupo.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha njiani.

Halafu akaniambia alichokuwa anakiwaza huko machimboni. Alitaka chupa ile ikae kwenye duara mpaka yeye awe mzee kabisa. Alitaka awe anateremka na kuikuta. “Mkono wake umo mle,” alisema. “Picha ni picha tu. Hii aliishika.”

Sikuweza kumkasirikia. Mume wangu ametumia maisha yake kutafuta kitu kisichooza. Dhahabu inakaa chini ya ardhi tangu kabla ya watu, unaitoa, unaiosha, inang'aa vilevile. Amezoea hivyo. Akipenda kitu anadhani kazi iliyobaki ni kukificha mahali pazuri.

Na mimi, nikiri tu. Nilitaka aiweke.

Nilifungua kile kipakiti nikanusa. Kina harufu inayochoma pua, kama njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Nikakumbuka kwamba Kabula hakuwahi kunuka hivyo. Alikuwa akitoka kwenye duara ananuka matunda na udongo uliolowa.

Leo baada ya misa tuliteremka wote wawili. Yeye mbele na tochi yake ya kichwani, mimi nyuma na kikombe. Akakagua matimba kwanza, akagonga moja kwa ngumi, akaridhika. Halafu akavuta kizibo.

Alikuwa ameshashika kipakiti mkononi nilipomwambia, “Onja kwanza.”

“Mimi?”

“Wewe. Hujawahi kuionja hata siku moja. Unataka kutunza kitu usichokijua?”

Alinitazama, taa yake ikanipiga machoni, akaizima. Tukabaki na mwanga wa mlangoni. Nikavuta divai kwa mpira mwembamba kama nilivyomwona Kabula akifanya, nikajaza kikombe robo, nikampa.

Akaonja. Akakaa nayo mdomoni. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao akilowesha jiwe na kulitazama juani, kama lina kitu au halina kitu.

“Tamu,” alisema. Halafu akasema, “Hapana. Si tamu. Ni nini hii?” Akaonja tena. “Mwishoni kuna kitu kinachoma.”

Nikachukua kikombe. Alisema kweli. Mwanzoni ilikuwa yenyewe, zabibu iliyoiva mpaka ngozi inalegea, na nyuma yake kitu kama udongo wetu mvua ya kwanza inapougusa. Nilimwona Kabula pale, nakuambia kweli, nilimwona na kanga yake kiunoni. Lakini mwishoni kabisa, baada ya kumeza, ilikuja siki. Haijawa siki bado. Iko njiani.

“Hewa ya ule msiba,” nikasema.

“Basi dawa itairudisha.”

“Hairudishi. Kabula aliniambia. Inaizuia tu pale ilipofika.”

Mimi nilikuwa nimeshaona itakavyokuwa. Tungeitunza ikiwa inaumwa. Isingepona na isingekwenda, ingekaa pale gizani miaka yote na homa yake, na sisi tunateremka kuiangalia. Nilikaa siku zile kando ya kitanda cha mwanangu nikiomba kitu kimoja tu, abaki, abaki hivyohivyo alivyo. Sasa nimekuwa mtu mwingine. Awe mtoto wangu, iwe divai yake, nisingependa kutunza chochote hivyo.

Sikuyasema yote hayo. Nilisema tu, “Baba Kabula, inaumwa.”

Alinielewa. Alirudisha kipakiti mfukoni, akafunga na kifungo.

“Nimiminie tena,” alisema.

Akanywa taratibu, ameegemea timba alilolisimamisha mwenyewe. “Kumbe hii ndiyo alikuwa anaifanya.” Akarudia, “Kumbe hii.” Ndipo alipolia. Siku ya mazishi hakulia. Watu walimsifu kwamba ni mwanaume. Leo alilia kwa sauti kwenye duara lake, na udongo ukaimeza, nadhani hata uwanjani hakuna aliyesikia.

Tulipandisha chupa juu, yeye ameikumbatia, mimi nimemshika kiwiko. Tukamwita Mama Shija na mumewe. Wakaja na majirani wengine waliosikia. Vikombe vilikuwa vya kila aina, vya bati, vya chai, bilauri moja yenye ufa. Mama Shija aliipokea kwa mikono miwili. Akanywa, akakunja uso, akameza.

“Kali kidogo mwishoni,” akasema. “Kama mwenyewe ukimchelewesha.”

Mumewe akamkanyaga mguu. Lakini Baba Kabula alikuwa ameshaanza kucheka. “Usimseme mwanangu,” akasema, “wewe uliyeuliza kama mizabibu inaumwa.”

“Si ilikuwa imelala, shemeji! Mti unalala?”

Tukacheka sote. Tangu mwezi wa nne sikuwahi kusikia kicheko kwenye uwanja huu. Nilitazama huku na huku kama mtu aliyefanya kosa, halafu nikaacha kutazama. Wakati wa kuondoka Mama Shija alinishika mkono akasema, “Wabeja, mayu,” asante mama, akaenda zake bila kugeuka. Nafikiri naye alikuwa analia.

Wale ambao hawanywi tuliwapa chai. Nao walikaa mpaka mwisho.

Chupa ilipokwisha ikabaki inagonga. Gololi zilikuwa chini kabisa, zimeshikana na mashapo ya divai. Baba Kabula akaigeuza juu ya karai, zikatoka kwa kishindo, nyingine zikakimbilia uwanjani tukazifuata. Halafu akasimama mbele yangu, akainua mikono juu kama alivyokuwa anafanya siku za mavuno.

“Nishushe?” akaniuliza.

Ilibidi nigeuke nitazame ukutani kidogo.

“Nawa kwanza,” nikamwambia.

Alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, akakwangua kucha, akanawa tena. Ndipo akachuchumaa kwenye karai akaanza kuziosha gololi, moja moja, anaishika juani, anaitazama ndani, anaiweka kwenye ungo. Bado anaosha ninapoandika hivi. Nasikia zinavyogongana. Ni sauti ileile ya sufuria yangu kule Kalangalala, na bado sikumbuki Kabula alinijibu nini.

Nimeizunguka mizabibu asubuhi kabla ya misa. Makapu yamelegea. Upepo huu umeyafumua, matawi yametupwa huku na huku, na huu ndio wakati wa kupogoa, mvua haziko mbali. Mwaka huu hakuna aliyefuma. Nilikuwa nasema siwezi, hiyo ni kazi ya Kabula, alijifunza mbali. Lakini ni kapu. Mimi nilimwambia mwenyewe kwamba ni kapu.

Nimemuuliza Baba Kabula atarudi Segese lini. Amesema dhahabu haiendi popote.

Kwa hiyo kesho, upepo ukiwa bado umelala, tutaingia shambani. Yeye atashika matawi, mimi nitafuma. Divai itakayotoka, ikitoka, haitakuwa ya Kabula, na sitaki kujidanganya kwamba itafanana nayo. Itakuwa ya mwaka wake.

Gololi ndizo zitakuwa zake.